Shule ya misheni iliachwa kwa nani?

Mjadala wa shule za misheni nchini kwetu una mwaka mmoja tu: 1969. Mwaka huo Bunge lilipitisha Sheria ya Elimu iliyoipa Serikali uendeshaji wa shule zilizokuwa zikipokea ruzuku yake, nyingi zikiwa za makanisa, na tangu hapo zimekuwapo kambi mbili. Moja inasema Kanisa liliporwa. Nyingine inasema Serikali iliwaokoa watoto waliokuwa wakikosa nafasi kwa sababu ya dini ya wazazi wao. Kambi hizi zikianza kubishana, msikilizaji atadhani shule zenyewe zilikuwa za watu wawili, askofu na waziri. Kijiji hakitajwi.

Ninaandika nikiwa Mkatoliki wa Kigoma, na najua msimamo wangu hautawafurahisha baadhi ya waumini wenzangu. Shule ya msingi ya Kikatoliki ya kijijini haikufa mwaka 1969. Na mrithi wake haiwezi kuwa ile shule mpya ya mjini yenye jina la mtakatifu, basi la wanafunzi na mchepuo wa Kiingereza, hata kama getini kuna picha ya Bikira Maria. Mrithi wake ni shule ya Serikali iliyobaki palepale jirani na kanisa, yenye kuta za matofali ya kuchoma yaliyofyatuliwa na babu zetu na madarasa yaliyofurika watoto. Kueleza kwa nini nasema hivyo kunanilazimu kurudi nyuma sana kuliko 1969.

Msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, wale ambao wazee waliwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao, ulitoka Bagamoyo mwaka 1878, ukafika Tabora mwaka huohuo, kisha ukagawanyika. Kundi moja lilielekea Ziwa Victoria hadi Buganda, jingine likaja huku na kufika Ujiji Januari 1879. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers. Tabora na Ujiji zilikuwa miji mikubwa ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa, miji ya Kiislamu yenye misikiti na vyuo vya Kurani kabla padre yeyote hajapiga hema. Hakuna mzazi wa mjini humo aliyekuwa akisubiri shule ya padre.

Kwa hiyo wanafunzi wa kwanza hawakutoka kwa wazazi. Walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, wakakusanywa kwenye vituo vya mayatima kama kile cha Kipalapala, nje kidogo ya Tabora. Walifundishwa sala, kusoma, kulima na ufundi. Mtu maarufu kuliko wote waliopitia mkondo huo ni Adrian Atiman, mtoto aliyetekwa Afrika Magharibi, akakombolewa kaskazini mwa jangwa la Sahara, akasomeshwa utabibu Malta na kuletwa Karema, kusini yetu kwenye pwani ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Alitibu watu na kufundisha dini hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Historia hiyo huwa inasimuliwa kwa machozi, na inastahili. Lakini kama historia ya shule ina upande mwingine usiosimuliwa: shule isiyo na wazazi haina wa kuitetea. Uhusiano wa mapadre na Mtemi Isike wa Unyanyembe ulipoharibika, Kipalapala iliachwa mwaka 1889, na hapakuwa na kijiji kilichosema hapana, hii ni yetu. Miaka mingi baadaye pale pakawa seminari kuu, lakini hiyo ni habari nyingine.

Mambo yalibadilika wamisionari walipotoka kwenye miji ya misafara na kuingia mashambani. Ushirombo ilifunguliwa mwaka 1891, Ndala mwaka 1896. Kutoka kwenye misheni kama hizo dini ilisambaa kwa miguu ya makatekista, walimu wa dini wasio mapadre, kigango kwa kigango, yaani kijiji kwa kijiji chenye kanisa dogo lililo chini ya misheni, na shule ikasambaa pamoja nayo. Lavigerie alikuwa ameweka kanuni kwamba mtu mzima asibatizwe kabla ya miaka minne ya maandalizi. Miaka minne ni mingi. Mtu anayekaa miaka minne akikariri sala na katekisimu chini ya mwembe atajikuta anazijua herufi, na mtoto wake anayekaa pembeni atazijua kabla yake. Shule ya kijiji cha Unyamwezi, upande wa Tabora, au Buha, nchi ya Waha huku Kigoma, ilizaliwa hapo, kwenye kibanda cha miti na nyasi, magogo yakiwa viti, na mwalimu akiwa mwanakijiji mwenzao aliyewatangulia hatua chache tu.

Katekista huyo ndiye ninayemtafuta kwenye vitabu vya historia na kumkosa. Padre alipita kigangoni mara chache kwa mwaka. Aliyepiga kengele kila asubuhi, aliyekwenda nyumbani kwa mtoto asiyeonekana, aliyebishana na baba aliyetaka kijana wake akachunge, ni katekista. Malipo yake yalikuwa madogo kiasi kwamba aliishi kwa jembe lake kama jirani zake. Watoto walimsaidia shambani, na ndiyo, wapo waliolisaidia shamba la mwalimu kuliko walivyosoma. Tusipambe. Ila alikuwa mtu wa pale, alizika na kuozesha pale, na mzazi aliyemkatalia mtoto alijua atakutana naye kisimani.

Bendera zilibadilika bila kijiji kuulizwa. Wabelgiji waliiteka Kigoma Julai 1916 na kuingia Tabora tarehe 19 Septemba mwaka huo. Kigoma ilibaki mikononi mwao hadi 1921 ilipokabidhiwa kwa Waingereza. Kwa shule za vigangoni jambo kubwa halikuwa nani anatawala. Lilikuwa mfumo wa ruzuku ulioletwa na Waingereza katikati ya miaka ya 1920, baada ya Tume ya Phelps-Stokes, iliyotoka Marekani kuchunguza elimu ya Waafrika, kupita Afrika Mashariki mwaka 1924, na sheria ya elimu ya Waafrika ya 1927. Serikali ya kikoloni haikuwa na nia wala fedha ya kujenga shule kila mahali. Ikaziambia misheni: fundisheni kwa mtaala wetu, ajirini mwalimu mwenye cheti, kubalini mkaguzi, nasi tutawasaidia fedha. Mwaka 1928 Askofu Arthur Hinsley, mjumbe wa Papa aliyetumwa kukagua misheni katika Afrika ya Waingereza, aliwaambia viongozi wa Kanisa waliokusanyika Dar es Salaam washirikiane na serikali kwa nguvu zao zote, na pale wasipoweza kufanya kazi zote mbili, afadhali makanisa yacheleweshwe ili shule zikamilike.

Hapo ndipo kijiji kilipopasuliwa vipande viwili. Shule iliyokuwa karibu na misheni ilipata mwalimu wa cheti, ubao, chaki, kitabu cha mahudhurio na ruzuku. Ile ya kigangoni, saa tatu au nne kwa miguu, ilibaki shule ya porini: haikuandikishwa, haikukaguliwa, haikulipwa, na mtoto aliyemaliza hapo hakuwa na cheti cha kumwonyesha mtu. Mjukuu wa katekista aliyefundisha Makere au Kakonko akitaka leo kujua babu yake alifundisha wangapi, atakosa. Ruzuku ndiyo iliyoleta kumbukumbu. Pasipokuwa na ruzuku hapakuandikwa kitu. Tunapojivunia takwimu za shule za Kanisa za wakati wa mkoloni tujue zinahesabu sehemu moja tu ya kazi iliyofanyika, na ni ile sehemu iliyolipiwa.

Tofauti ya Tabora na Kigoma nayo ni lazima isemwe, kwa sababu watu hutuweka kapu moja. Tabora ilikuwa na reli tangu 1912, ilikuwa na watemi wenye hazina zao, na ilikuwa na Shule ya Serikali iliyoanzishwa katika miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa watemi hasa, ile aliyoingia Julius Nyerere mwaka 1937. Mnyamwezi aliyekuwa na uwezo aliona njia zaidi ya moja. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini Buha ya juu, Kasulu na Kibondo, haikupata zao la biashara la maana. Ilipata kazi nyingine: kutoa watu. Waha walikwenda kwa maelfu kukata mkonge Tanga na Morogoro, na tangu 1944 chama cha wenye mashamba ya mkonge kilikuwa na ofisi maalumu ya kuandikisha vibarua, SILABU, iliyovuna manamba kutoka huku. Wilaya isiyo na zao haina kodi ya kutosha. Isiyo na kodi haijengi shule. Pengo hilo likajazwa na misheni, Wakatoliki kwa upande mmoja na Waanglikana kwa upande mwingine. Tabora shule ya misheni ilikuwa mojawapo ya milango. Buha, kwa vijiji vingi, ndiyo iliyokuwa mlango wenyewe, na baba wa mwanafunzi alikuwa Tanga.

Malale nayo yalichangia kuchora ramani ya shule kuliko tunavyokumbuka. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa magharibi waliokuwa wametawanyika kwenye misitu ya miombo na kuwakusanya kwenye makazi ya pamoja ili wawe mbali na mbung'o. Uyowa, Urambo, Kibondo: huko kote watu walihamishwa kwa amri miongo kadhaa kabla ya vijiji vya ujamaa. Lilikuwa jambo la mateso. Lakini kwa mara ya kwanza palikuwa na watoto wengi mahali pamoja, na watoto wengi mahali pamoja ndilo sharti la kwanza la shule. Wanaosema operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 haikuwa na mfano hapa kwetu hawakuwauliza wazee.

Wasichana. Hapa shule ya misheni ilifanya jambo la ajabu kidogo. Kwa kuwa Kanisa lilitaka ndoa za Kikristo, lilihitaji wachumba wa Kikristo, na kwa hiyo binti alikaribishwa kwenye mafundisho kuliko alivyokaribishwa kwenye shule yoyote nyingine. Masista Weupe walifika Ushirombo mwaka 1894 na kazi yao ilikuwa hiyo kwa sehemu kubwa. Lakini ngazi ilipopanda, binti alishuka. Mtihani wa darasa la nne ulikuwa chujio; shule ya kati, la tano hadi la nane, mara nyingi ilikuwa mbali na kwao, ya bweni na ya wavulana. Bibi zetu wengi wa Kikatoliki waliweza kusoma kitabu cha sala bila shida na hawakuwahi kuandika barua. Walifundishwa hadi pale walipohitajika, basi.

Kigoma ilipata vikarieti yake yenyewe, yaani eneo la Kanisa ambalo bado halijawa jimbo kamili, mwaka 1946 na kuwa jimbo mwaka 1953. Miaka hiyo ya mwisho ya ukoloni ndiyo wazee wengi walio hai wanaikumbuka wanapotaja shule ya misheni, na ndiyo yenye majengo tunayoyaona. Ukimwuliza mzee yeyote wa Kasulu nani aliijenga shule, atataja kwanza jina la padre. Endelea kumwuliza: nani alichimba udongo? Nani alibeba maji ya kufyatulia? Kuni za tanuri zilikatwa wapi na nani alizibeba kichwani? Hapo majibu hubadilika. Padre alileta ramani, fundi, bati au vigae, misumari na saruji kidogo. Vilivyobaki vilitoka kijijini, vikitolewa kama kazi ya Kanisa, kama adhabu ya mwanafunzi mtoro, kama sharti la mtoto kuandikishwa, na pengine kwa moyo tu. Siwezi kuvitenganisha hivi vinne na sidhani waliovifanya waliweza.

Na mishahara? Hili linasahauliwa makusudi. Kufikia uhuru, katika shule zilizopata ruzuku mshahara wa mwalimu ulikuwa unatoka kwa kiasi kikubwa kwenye kodi. Mwaka 1962 Serikali huru iliunda Huduma ya Walimu ya pamoja ili mwalimu wa misheni na wa Serikali wawe na masharti sawa ya kazi. Paroko alibaki meneja wa shule: alipendekeza walimu na kutunza mali. Kwa hiyo shule iliyochukuliwa baada ya 1969 ilikuwa na kiwanja cha Kanisa, kuta za wanakijiji na mishahara ya mlipa kodi. Atakayeniambia hiyo ilikuwa mali ya mtu mmoja, aanze kwa kunieleza ni sehemu gani anayoizungumzia.

Aliyekuwa Ikulu wakati huo hakuwa mgeni wa shule hizi. Nyerere alifundisha St. Mary's Tabora, shule ya Mapadre Weupe, kuanzia 1946 hadi alipokwenda Edinburgh mwaka 1949, kisha Pugu, shule nyingine ya Kikatoliki. Elimu ya Kujitegemea aliyoitangaza Machi 1967, yenye shamba la shule na kazi za mikono, ilipokelewa na walimu wengi kana kwamba ni mpya. Kwa mtoto aliyesoma misheni ya Ndala au Kabanga haikuwa na upya wowote. Alikuwa ameshika jembe la shule tangu darasa la kwanza. Tofauti ni kwamba safari hii mavuno yalikuwa na siasa.

Upande wa Waislamu una hoja ambayo sisi Wakatoliki tunaipuuza kwa hasara yetu. Mzazi wa Ujiji mwaka 1935 aliyetaka mwanawe asome bila kulazimika kukaa kwenye somo la dini ya wengine alikuwa na chaguo finyu. Wapo waliowapeleka wakapewa jina la ubatizo, wapo waliowazuia wakabaki na chuo cha Kurani pekee. Vyote viwili viliacha jeraha. Mimi naona uamuzi wa 1969 ulikuwa wa haki kwa sababu hiyo moja kuliko nyingine yoyote, na kijiji chenye mchanganyiko wa dini, kama vilivyo vingi vya pwani ya ziwa, kilipata shule ambayo kila mtoto angeweza kuingia bila kuulizwa anasali wapi. Vipindi vya dini vilibaki kwenye ratiba, padre kwa wake na shehe kwa wake. Kama ni kuporwa, basi aliyeporwa alibakiziwa kitu ambacho mwenzake hakuwa nacho hapo awali.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niseme shule ilibaki hai. Operesheni Kigoma ilianza mwaka 1972, watu wakahamishwa kuingia vijijini. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likataka watoto wote waingie shule, na mwaka 1977 ikatangazwa elimu ya msingi kwa wote, UPE. Wakati huo majengo ya kudumu ya shule katika sehemu kubwa ya Buha yalikuwa yapi? Yale ya misheni. Yalipokea zamu mbili, asubuhi na mchana. Yalipokea walimu wa UPE, vijana waliomaliza darasa la saba na kujifunza ualimu huku wakifundisha. Wanaharakati wa ubora huwabeza walimu hao. Mimi naona wamefanana mno na katekista wa 1910: kijana wa pale, mwenye elimu kidogo kuliko inavyotakiwa, anayelima jirani na wazazi wa wanafunzi wake. Kazi ileile ilirudi mikononi mwa watu walewale. Safari hii walilipwa, ingawa kidogo, na majina yao yaliandikwa.

Shule mama zikazaa. Ilipofurika, kijiji cha pili kikajenga yake, wanafunzi wa darasa la kwanza hadi la tatu wakahamishiwa huko, kisha ya tatu. Shule nyingi za tarafa za Kasulu zina bibi mmoja mwenye kuta nene. Ndiyo maana kusema shule fulani ya misheni ina wanafunzi wachache kuliko zamani bila kuhesabu ilizozaa ni kuchekesha.

Sasa upande wa pili. Mwaka 1992 Serikali na makanisa yalisaini makubaliano ya ushirikiano katika elimu na afya, ikaundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ikafungua mlango wa shule za msingi za binafsi. Majimbo na mashirika ya watawa yakaingia. Nimeshaingia kwenye baadhi ya shule hizi: sakafu safi, vyoo vya kutosha, walimu wanaoingia darasani, chakula saa saba. Siwezi kumlaumu mzazi mwenye uwezo anayempeleka mtoto huko, na watawa wanaoziendesha wanajituma kweli.

Lakini ziko wapi? Mjini, au kwenye barabara ya lami, kwa sababu mwenye kulipa ada anaishi huko. Lugha ya kufundishia ni Kiingereza kwa sababu ndicho mzazi anachonunua. Kigango cha saa tatu kwa miguu kimebaki bila kitu. Shule ya Kikatoliki ya kijijini ya zamani ilikuwa na ubaya wake, na nimeutaja, ila ilikwenda aliko mtoto. Hii mpya inamsubiri mtoto afike na stakabadhi ya benki. Kanisa linaloziita hizi mwendelezo wa kazi ya wamisionari linajisahau. Mwendelezo wa kazi ile unaendeshwa na mwalimu wa halmashauri mwenye darasa lisilo na madawati ya kutosha, na mara nyingi hata yeye si Mkatoliki.

Kila baada ya muda mtu huibua wazo la kurudishiwa shule zilizotaifishwa. Kwa sekondari zenye bweni na majina makubwa, wabishane wanavyotaka. Kwa shule ya msingi ya kijijini wazo hilo halina miguu. Parokia ya kijijini haiwezi kulipa walimu kumi na wanane kila mwezi. Ikirudishiwa itatoza ada, na siku itakapotoza ada nusu ya watoto watahamia shule ya jirani iliyokwisha kufurika. Mkoa wa Kigoma ulihesabiwa watu zaidi ya milioni 2.4 kwenye sensa ya 2022, na Tabora karibu milioni 3.4. Hao ni watoto wengi mno kwa taasisi yoyote isiyokusanya kodi.

Kuna hasara moja ya mfumo wa sasa ambayo shule ya misheni inaifichua. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji imekuwa Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake haifiki shuleni kama fedha. Wakati huohuo wazazi wengi waliamua kwamba kila kitu sasa ni cha Serikali. Mwenyekiti wa kijiji akiitisha mkutano wa kujenga boma la darasa ili halmashauri ipaue, wanaokuja ni walewale. Siwalaumu kwa wepesi: wameona maboma yakikaa misimu mitano ya mvua bila bati. Hata hivyo babu zao walibeba maji ya kufyatulia matofali kwa ajili ya shule ambayo haikuahidi hata cheti, na sababu mojawapo ni kwamba aliyewaita alikuwa anaishi nao. Leo mwalimu mkuu anakaa mjini kwa sababu nyumba ya mwalimu haipo, anafika na pikipiki saa moja na nusu, anaondoka saa tisa. Kama parokia zetu zina fedha kidogo na zinataka kuenzi historia, zianze na nyumba za walimu kwenye ile shule jirani ya kanisa. Kiwanja mara nyingi ni cha Kanisa bado, na mpaka wake na shule haujapimwa. Paroko na afisa elimu kata wakikaa mezani na mpima ardhi, wanaweza kumaliza ugomvi wa mpaka na kupata eneo la nyumba nne kwa mkupuo mmoja.

La mwisho ni kumbukumbu. Lavigerie aliagiza kila misheni iweke shajara ya kila siku, na Mapadre Weupe walitii kwa bidii ya kuonewa wivu. Kwa hiyo upande wa padre wa historia hii upo, kwa Kifaransa zaidi. Upande wa shule umo kwenye vitabu vya mahudhurio, vitabu vya matukio na vitabu vya wageni, ndani ya makabati ya ofisi za walimu wakuu, vikiliwa na mchwa au kufungia karanga. Huko ndiko yaliko majina: ya wanafunzi, ya walimu wa cheti, ya wakaguzi, wakati mwingine ya wazazi waliokosa kuleta kuni. Makatekista wa shule za porini hawamo hata humo, na waliowaona kwa macho wamepita miaka themanini.

Januari 2029 itatimia miaka 150 tangu msafara ufike Ujiji, na bila shaka vitatungwa vitabu vya jubilei. Majimbo ya Kigoma na Tabora yana vijana wa sekondari na vyuo wenye simu za kupiga picha kurasa, na wanazo likizo mbili kwa mwaka. Wapewe orodha ya shule za zamani, barua ya utambulisho kutoka kwa mkurugenzi wa halmashauri na nauli, waanze Kasulu na Kibondo ambako vitabu ni vichache zaidi, na kwa kila kijiji waulize kwanza nani alifundisha hapa kabla ya mwalimu wa kwanza wa cheti.